Dakika Nne Mbele ya Bendera

Katika miaka yote niliyomjua, Mwalimu wa Mazoezi alinigusa mara moja tu, na ile mara moja iliniharibia maisha. Alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, akanisimamisha, nami nikasimama. Watu wa Kindu waliokuwapo siku ile wakiikumbuka hucheka, kwa sababu ya kamba iliyonasa na polisi aliyekuwa akining'inia juu yake. Mimi sicheki. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa nimewaacha wenzangu wote nyuma, na mbele yangu zilibaki mita mia tatu za barabara. Mwisho wa hizo mita kulikuwa na nafasi ya kwenda Kinshasa, kwenye chuo cha walimu wa michezo. Nafasi ilikuwa moja. Leo nafunga na kufungua breki za mabehewa.

Jina alikuwa nalo, tena mawili: lile la ubatizo ambalo serikali, ilipopiga marufuku majina ya kigeni, ilimwamuru aliache, na lile jipya alilojiandikisha ofisini siku moja pamoja na walimu wengine wote, wamepanga foleni. Hakuna aliyemwita kwa lolote kati ya hayo. Alikuwa Mwalimu, basi. Alipozaliwa sijui, na watu wa kwao sikuwahi kuwauliza.

Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya mtu mrefu. Alivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate, na alitembea haraka hata alipokuwa hana pa kwenda. Shingoni alining'iniza vitu viwili, filimbi kwenye mnyororo na kronometa kwenye kamba ya kiatu. Filimbi ilikuwa ya shule. Kronometa ilikuwa yake mwenyewe, na nadhani aliipenda kuliko baadhi ya watu wa nyumbani mwake. Aliitumia kupimia kila kitu: mahubiri ya padri, sombe ya mkewe, yale majani ya muhogo, kuanzia kutwangwa mpaka kuiva, muda aliotumia mkuu wa shule kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Alipima na bendera.

Hapo lazima nieleze, maana wajukuu zangu hawataamini. Enzi zile za Chama kimoja, bendera ilipopandishwa asubuhi na iliposhushwa saa kumi na mbili jioni, polisi alipiga filimbi mbele ya ofisi ya serikali na kila kilichokuwa na miguu kilisimama. Mwenye gari alizima injini. Mwenye mzigo kichwani alisimama na mzigo wake. Mama aliyekuwa akimkimbiza kuku alimwacha kuku aende. Ulisimama wima, mikono chini, hukujikuna, mpaka filimbi ya pili. Ukisogea, walikuwapo watu wa kukuuliza kwa nini, na hawakukuuliza barabarani.

Mwalimu aligeuza hata hilo kuwa somo. Tukiwa mazoezini filimbi ikilia, tulisimama, naye alisimama kabla yetu, ila kidole gumba chake kilikuwa kimeshafinya kronometa. Baadaye alitusomea.

"Dakika moja, segonde makumi ine na tisa," alisema. "Bendera njo mapumuziko ya bure. Haipite dakika mbili. Mupumue na pua, mukianza tena mutakuwa na nguvu."

Tulicheka. Naye alicheka kidogo, akiangalia kwanza nani yuko karibu.

Mchezo wenyewe aliutoa kwenye kitabu. Kilikuwa kijitabu chembamba cha Kifaransa, hakina jalada, kilichoachwa na mhandisi mmoja wa reli aliyeondoka kwa haraka, mambo yalipochafuka. Kilieleza mashindano ya michezo mitatu mfululizo bila kupumzika: kuogelea, kuendesha baiskeli, kukimbia. Kulikuwa na mwendo mfupi, mwendo wa kati na mwendo mrefu. Mwalimu alichagua wa kati, akisema mfupi ni wa watoto na mrefu ni wa vichaa. Sura aliyoipenda ilieleza mtu atarajie nini katika mwendo wa kati, pale hali ya hewa ikiwa ya wastani, si joto kali wala baridi kali. Aliisoma mpaka karatasi ikawa laini kama kitambaa.

Sasa mtu aniambie, Kindu na hali ya hewa ya wastani wapi na wapi. Sisi tunaishi ndani ya mvuke. Lakini Mwalimu alikuwa na hoja yake. Alisema kiangazi, kati ya mapambazuko na saa tatu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto, hapa ni wastani kabisa. Alitutoa vitandani kutuonyesha, na kwa kweli tulitetemeka. Kwa hiyo mashindano yalipaswa kuanza saa moja asubuhi. Hilo halikuwa na mjadala.

Kitabu kilisema mtu akitoka majini atarajie baridi, kwa hiyo avae fulana ya sufu kabla ya kupanda baiskeli. Mkewe Mwalimu alifumua sweta kuukuu za masista akatufumia fulana kumi na moja za rangi zote. Tulitoka mtoni tukazivaa juu ya miili yenye maji, tukaendesha baiskeli nazo, jasho likituchuruzika mpaka kwenye kanyagio.

"Mwalimu," nilimwambia siku ya kwanza, "hapa Kindu baridi iko wapi?"

"Iko mu kitabu," alijibu. "Vaa."

Mtu huyohuyo, ilipofika habari ya mto, alikitupa kitabu pembeni. Kitabu kilisema mwogeleaji aelekeze macho mahali anapotaka kufika. Mwalimu alikisoma kwa sauti, akakifunga, akatazama maji mpaka ng'ambo, kule Alunguli. Karatasi za serikali ziliuita mto kwa jina la nchi, lakini sisi tuliuita Lualaba, na Lualaba unapita hapa mpana, wa kahawia, una haraka zake.

"Ule mwenye kuandika hii alikuwa anaogelea mu bwawa," alisema. "Munisikilize miye. Kutoka Alunguli, usiangalie kwenye unataka kufika. Angalia ule muti ya juu, mbali, kule hutafika. Muto itakushusha yenyewe mupaka ku kivuko. Ukipigana nayo, itakukunywa."

Alikuwa wa kwanza kuingia, tukamfuata. Majini hakuogopa kitu. Nilimwona akivuka na mtu mzima mgongoni, mwenzetu aliyebanwa na misuli katikati ya mto, akiongea naye njia nzima kuhusu bei ya sabuni ili asipate nafasi ya kuogopa. Nasema hivi ili ijulikane kwamba hakuwa mwoga. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mwoga moja kwa moja.

Neno lake kubwa lilikuwa "ungojee". Kila kitu alitutangulizia. Ukitoka majini, ungojee kizunguzungu. Kilomita ya kumi na tano ya baiskeli, ungojee uvivu, utafikiri ni kiu kumbe ni moyo unataka kwenda nyumbani. Ukishuka kwenye baiskeli, ungojee miguu ya mtu mwingine.

"Ukishuka ku kinga, miguu haitakuwa yako," alisema. "Usiogope. Ukimbie na ile ya kukopeshwa. Kisha dakika tano, zako zitarudi."

Na zilirudi kweli. Kila alichosema tungojee kilikuja. Ndiyo sababu tulimwamini kupita kiasi. Nilimwamini hata pale aliponifanyisha kazi ya punda, maana baiskeli tulizofanyia mazoezi zilikuwa zile nzito za wabeba mizigo, na mizigo ilikuwa mchele wa mkewe. Kila Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka mji, alitupeleka shambani kilomita ishirini upande wa barabara ya Kibombo, kila mmoja arudi na gunia. Alisema uzito hujenga mapaja. Mapaja yalijengeka, na mkewe naye aliuza mchele vizuri miaka miwili mizima. Sisi tulipata sahani moja na soni ya kuomba ya pili.

Alitukataza lotoko, pombe ile kali ya mahindi, naye alikunywa bilauri moja kila Jumapili baada ya misa, akiipima kwa kronometa isimalizike kabla ya dakika ishirini. Alitukataza kusema uongo hata wa nusu sekunde. Hilo la pili alilishika. Tulipochujwa ili wabaki kumi na mmoja, shemeji yake, mdogo wa mkewe waliyemlea nyumbani mwao, aliachwa nje kwa sekunde moja. Mke alimwomba. Mkuu wa shule alimwomba. Sekunde moja ni nini, hata kupepesa jicho huchukua zaidi.

"Kronometa haijui shemeji," Mwalimu alisema.

Mkewe hakuwasha moto siku mbili. Mwalimu alikula ndizi mbivu na chumvi, akija kazini na kaptula isiyopigwa pasi, na hakubadilisha kitu. Mimi nilipoona hivyo nilijisemea, huyu ndiye mtu wa kunishikia saa.

Nilimaliza shule nikakataa kazi mbili kwa ajili ya hayo mashindano. Baba yangu, aliyefanya kazi relini, alinitafutia nafasi kwenye karakana, nikasema hapana. Mwalimu alikuwa ameandika barua mbili kwa Komisere, mkubwa wa serikali na wa Chama pale kwetu, na jibu lilikuja: mashindano yatafanyika sikukuu ya Chama, na atakayeshinda atapelekwa Kinshasa kusomea ualimu wa michezo. Mwalimu alinisomea barua mara tatu. Kisha alisema jambo ambalo sikumsikia akimwambia mtu mwingine.

"Hii nafasi njo yako. Miye nimeshazeeka na filimbi ya shule. Ukarudi na karatasi, utafundisha hii michezo kwa kitabu yako mwenyewe."

Basi hicho ndicho kilichokuwa mezani. Sikutaka zawadi. Nilitaka kuwa yeye, ila mwenye karatasi.

Na sasa nije kwenye lile la kuogopa. Mwalimu aliogopa mihuri. Aliogopa mtu yeyote aliyevaa abakosti, lile koti la Chama lisilo na tai. Komisere alipoingia uwanjani kwetu, Mwalimu alipungua kimo. Sauti iliyovuka mto kutoka ukingo hadi ukingo ilimezwa, akabaki na kisauti cha mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alikuwa ndiye pekee mjini aliyesimamia bendera hata nyumbani kwake, uani, ambako hakuna anayemwona, kijiko mkononi na mchuzi ukipoa. Tulimwigiza tukicheka. Hatukujua tunacheka nini.

Siku ya mashindano tulikuwa Alunguli tangu alfajiri, kumi na mmoja, na namba zimechorwa vifuani kwa rangi ya nyumba. Mimi nilikuwa namba saba. Ukungu ulikuwepo kama tulivyouagiza. Saa moja ikapita. Saa mbili. Mtumbwi ukaleta habari kwamba Komisere ana wageni waliokuja kwa ndege na tusianze bila yeye. Mwalimu alivuka kwenda kumwona katibu wa Komisere, nami nilivuka naye. Katibu alikuwa akila mandazi mezani.

"Sitwayen," Mwalimu alisema, kwa kile kisauti, akimwita mwananchi kama Chama kilivyoamuru, "kisha saa ine jua itakuwa kali. Kitabu inasema..."

"Kitabu gani? Ya Chama?"

"Hapana, sitwayen."

"Basi."

Tuliruhusiwa kuanza saa nane na nusu mchana. Kabla ya kuingia majini Mwalimu aliniita kando. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwishapiga hesabu na hakupenda jibu.

"Mambo imebadirika," alisema. "Ukishuka ku kinga mbele ya saa kumi na nusu, utapita mbele ya ofisi na bendera ikiwa bado juu. Ukishuka kisha ya hapo, ungojee bendera. Itakukamata njiani. Usimame. Dakika mbili tu. Wote watasimama, hakuna mwenye atapoteza."

Nilivuka nikiutazama ule mti. Mto ulinishusha kwenye kivuko palepale, nikatoka wa kwanza. Fulana ya sufu niliivua kilomita ya pili nikaitupa majanini, na sijutii. Lakini jua lilikuwa limekaa juu ya barabara ya Kibombo, na kitabu hakikuwa na sura ya hilo. Watatu walianguka. Mmoja alikaa chini ya daraja akakataa kutoka. Nilishuka kwenye baiskeli saa kumi na dakika arobaini na tano, robo saa nimechelewa, nikakimbia na miguu ya kukopeshwa kando ya reli mpaka ikawa yangu. Nyuma yangu alibaki mmoja tu wa kuogopwa, kiongozi wa Vijana wa Chama, aliyepewa baiskeli mpya nyepesi wakati sisi tulikuwa na zile za magunia. Alikuwa nyuma yangu kama dakika mbili. Nilimwona kwenye kona ya karakana, mdomo wazi.

Nilipoingia barabara ya ofisi watu walikuwa wamejaa pande zote, na mwisho kabisa niliona jukwaa na utepe. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni na kronometa yake akitusomea muda. Ndipo filimbi ikalia, na umati wote ukaganda.

Nitasema ukweli wangu. Sikusimama. Niliona mita mia tatu, nikaona kwamba zinataka dakika moja na kidogo, nikawaza watanifanya nini mbele ya wageni wao wa ndege. Nilichukua hatua nne, labda tano. Mwalimu alitoka kwenye mstari, yeye aliyekuwa hasogei hata uani kwake, akanishika mkono. Alinibana mpaka mfupa. Nikasimama.

Polisi akaanza kushusha bendera, ikafika nusu, ikagoma. Kamba ilikuwa imenasa juu kwenye kigurudumu. Akaivuta. Akaining'inia kwa mikono miwili, kofia ikamdondoka, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Tulisimama mji mzima tukimtazama mtu mmoja akipigana na kamba. Jasho lilinikauka, misuli ya paja ikaanza kuruka yenyewe. Dakika mbili zilipita. Kisha nikasikia viatu nyuma yangu.

Kiongozi wa Vijana hakusimama. Alipita kati yetu sisi masanamu, karibu yangu kiasi cha kunirushia vumbi, akakimbia mpaka mwisho akakata utepe. Wanajeshi waliokuwa njiani walimwona. Waliendelea kutazama bendera kwa heshima kubwa.

Kamba iliponasuka nami nikaachiliwa, nilikimbia nikafika wa pili. Komisere alishika kipaza sauti akasema kijana yule hakuidharau bendera hata kidogo, kwani aliyeko ndani ya Chama hukimbia kwa niaba ya bendera. Watu walipiga makofi. Ikaletwa karatasi ya matokeo, mwamuzi atie sahihi. Mwamuzi alikuwa Mwalimu. Mtu wa sekunde moja, mtu wa kronometa isiyojua shemeji, aliinama akatia sahihi. Zawadi ya mshindi wa pili ilikuwa beseni.

Mama yangu alioshea mchele kwenye lile beseni miaka kumi na miwili. Kila siku nililiona. Nilimwambia alitupe, akasema beseni zuri halitupwi kwa hasira za mtu.

Wiki ile mkewe Mwalimu alikuja kwetu na bakuli la mchele. Alikaa kwenye kigoda akaongea taratibu, akitazama miguu yake.

"Unajua sababu gani alikushika?" alisema. "Mwaka ile, mbele uje ku shule, alikuwa anashuka kilima na kinga. Breki haikukuwa. Filimbi ikalia, akapita mbele ya bendera na miguu juu, anapiga kelele 'breki, breki'. Walimuweka siku saba. Sikio ya kushoto ikafia kule. Ule mwenye walikuwa naye mu chumba hakurudia ku nyumba."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilielewa kila neno. Kuelewa hakukunisaidia chochote, na nilimjibu vibaya mwanamke aliyenifumia fulana.

"Mama, ile njo sikio yake," nilisema. "Miye alichukua maisha. Na kunishika nasamehe. Kutia sahihi, hapana."

Aliacha bakuli akaondoka. Mwezi uliofuata nikaingia relini kwa ile nafasi aliyonitafutia baba yangu. Sikuogelea tena. Mwalimu nikimwona mbali nilibadilisha njia, na mji wetu si mkubwa, kwa hiyo nilibadilisha njia mara nyingi. Yule kiongozi wa Vijana alikwenda Kinshasa akarudi baada ya miezi mitano, amechoka na masomo, akapewa ofisi. Chuo hakikupata mtu kutoka Kindu, si yeye wala mimi. Wengine hasira zao huisha. Mimi yangu niliipelekea chakula kila siku saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimesimama wima kwenye reli na taa ya ishara mkononi.

Nilikutana na Mwalimu uso kwa uso zamani hizohizo za Chama zikikaribia mwisho wake bila sisi kujua. Ilikuwa jioni, karibu na kivuko. Nilikuwa nimetoka kazini, na mtumbwi wa abiria kutoka Alunguli ulikuwa umetia nanga, akashuka mzee mwenye kaptula nyeupe. Haikupigwa pasi. Mkewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, nilisikia, na sikwenda kilioni. Shule ilikuwa imemstaafisha bila kumlipa, alikuwa akilima bustani ya mboga ng'ambo. Shingoni ilibaki kamba moja tu, ile ya kiatu.

Nilitaka kupita. Aliniziba njia kwa kusimama tu, mdogo vile.

"Nambari saba," alisema.

Tulijikuta tukitembea pamoja kupanda kuelekea mjini. Nilimwacha kwa makusudi upande wangu wa kushoto, sikio lake zima likinielekea, ili nitakaposema asikie. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na miwili. Nilipofungua mdomo tulikuwa tumefika mbele ya ofisi, na filimbi ikalia.

Tukasimama. Nilichukia jinsi nilivyosimama haraka. Kwa pembe ya jicho niliona kidole gumba chake kikifinya. Bendera ilishuka vizuri, bila shida, na filimbi ya pili ikalia.

"Moja na segonde makumi ine na nane," alisema. Halafu, bila kunitazama: "Ile siku ilikuwa ine na segonde kumi na mbili."

"Ulipima?"

"Na mukono moja nilikushika. Na ile ingine nilifinya. Ulipoanza tena kukimbia, nilifinya tena." Aliishika kronometa iliyokuwa shingoni. "Bila ile bendera, ulikimbia saa tatu, dakika makumi tatu na moja, segonde ine. Ulimushinda na dakika mbili kamili. Wewe njo ulikuwa wa kwanza."

Ningeweza kumpiga. Kumbe alikuwa nayo. Aliinamia ile karatasi akiwa ameshikilia namba ya kweli kifuani mwake, kwenye kamba ya kiatu, akaitia sahihi namba nyingine.

"Sababu gani hukusema pale?"

"Niliogopa."

"Na kisha ya pale? Miaka kumi na mbili, Mwalimu."

"Niliogopa kila siku," alisema. "Nilikuwa naifanyia mazoezi. Sauti haikutoka."

Polisi alikuwa bado chini ya mlingoti akikunja bendera. Watu walikuwa wameanza tena kutembea, akina mama na mabeseni yao, mtu na mbuzi. Nilimwambia Mwalimu, kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwa mtu wa umri wake, kwamba kuninong'oneza mimi hakuna maana, mimi nilikuwa najua. Nilimwambia aseme hapa, palepale, kwa sauti, au aniache nipite.

Alitazama ofisi. Alitazama mlango wake na mtu mwenye abakosti aliyekuwa akitoka na mkoba. Kimo kilianza kupungua kama zamani, nikageuka kwenda zangu. Nilikuwa nimepiga hatua nne, labda tano.

"Wa kwanza," nilisikia nyuma yangu.

Ilikuwa ile sauti ya kuvuka mto. Iliyumba kidogo, ikakaa.

"Wa kwanza, nambari saba. Saa tatu, dakika makumi tatu na moja, segonde ine."

Barabara yote iligeuka. Mwenye mbuzi alisimama. Yule wa abakosti alisimama na mkoba wake. Polisi alikuja na bendera kwapani, uso umekunjwa.

"Papa, unapiga kelele mbele ya ofisi sababu gani? Unafanya nini hapa?"

Mwalimu alikuwa amesimama wima, mikono chini, kama mtu aliye mbele ya bendera.

"Nasoma matokeo, sitwayen," alisema. "Ilichelewa."

Polisi alinitazama mimi, mwenye sare ya reli, kama nina maelezo. Nikamwambia nambari saba ni mimi.